Tandiko la Konokono

Konokono hana kwato wala kiatu. Kila kilicho nje ya gamba lake kimelala juu ya ardhi, ngozi wazi, na chochote kilichomo ardhini, kiwe maji, chumvi, uchachu au sumu, kinamwingia papo hapo anapopita. Udongo huula kidogo kidogo pamoja na majani. Hujifukia humo jua likiwa kali. Hutaga humo, na watoto wakishaanguliwa hukaa chini siku kadhaa wakila maganda ya mayai yao kabla hawajapanda juu kuona mwanga. Anayeamua kumfuga ndani ya tangi la kioo amejitwika kazi ya kumtengenezea ardhi yote atakayopata kuitambaa maishani mwake, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi hasa ya ufugaji huu. Chakula ni rahisi: tango, boga, majani ya mchicha. Ardhi ndiyo inayotaka fundi.

Ninayemzungumzia ni yule konokono mkubwa wa pwani yetu, mwenye gamba la hudhurungi lenye michirizi, ambaye wanasayansi humwita Lissachatina fulica. Asili yake ni Afrika Mashariki, hasa ukanda wa pwani. Gamba lake laweza kufika sentimita 20, ingawa wengi huishia nusu ya hapo. Kwetu ni nadra kumwona anafugwa. Hutokea mvua za masika zikishika, akapanda migomba na mipapai, na mwenye shamba akamtupa ng'ambo ya ua. Walimsafirisha watu wa nje: kwanza kwenye visiwa vya Bahari ya Hindi, kisha mwaka 1847 akatolewa Mauritius na kufikishwa Calcutta, na kutoka huko akaenea Asia na Pasifiki. Leo Uingereza anafugwa sebuleni na hata madarasani, kwa sababu ni mpole, hapigi kelele, na mtoto akimsogezea sikio anaweza kusikia ulimi wake wenye vimeno ukikwaruza kipande cha tango. Ufundi ninaousifu hapa umekulia huko, katika vyumba vyenye baridi, mbali na ardhi aliyozaliwa kuitambaa.

Ili kujua wafugaji hao wanatafuta nini, tutazame kwanza ardhi ya kwao konokono. Sehemu kubwa ya pwani, na visiwa vyake vingi, imelala juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Udongo wa juu mara nyingi ni haba, umechanganyika na majani yanayooza, na chini yake ni jiwe la chokaa. Konokono wa nchi kavu kwa kawaida huwa wengi palipo na mawe ya namna hiyo, maana gamba limejengwa kwa kalisi na kalisi hiyo sharti itoke mahali: katika chakula, katika udongo, katika jiwe analolikwaruza usiku. Mvua ikinyesha, maji hupenya upesi katika vitundu vya mwamba. Majani hubaki na unyevu lakini udongo haugeuki tope. Kiangazi kikija, konokono hujichimbia, hujivuta ndani ya gamba, huziba mlango kwa utando mkavu, akangoja hata miezi.

Haya yote inabidi yaingie ndani ya sanduku linalobebeka kwa mikono miwili. Na kitu ambacho wafugaji wengi wa Ulaya wamekikubali kuwa msingi wa sanduku hilo, baada ya kujaribu vingi, ni makumbi ya nazi.

Ninalifurahia sana jambo hilo. Katika vijiji vya mashariki ya Unguja, Jambiani kwa mfano, kina mama huzika makumbi katika mashimo ya ufukweni, wakayafunika na kuyaacha maji ya bahari yaingie na kutoka kwa miezi mingi. Vijidudu hula kile kinachogandisha nyuzi. Makumbi yakishafukuliwa hupondwa, nyuzi zikabaki, zikasafishwa kuwa usumba na kusokotwa kamba. Katika kuponda huko hutoka vumbi jingi la kahawia ambalo msokotaji kamba hana haja nalo. Kwa mfugaji wa konokono vumbi hilo ndilo mali. Kila chembe yake ina vijumba vitupu vinavyokunywa maji mara kadhaa ya uzito wake, na hewa bado ikapita kati ya chembe na chembe. Haliozi upesi, kwa kuwa limejaa lignini, kile kinachoupa mti ugumu. Halina rutuba ya maana, kwa hiyo ukungu hukosa cha kula. Konokono huchimba ndani yake bila taabu na hutoka safi.

Madukani Ulaya huuzwa likiwa limeshindiliwa kama tofali, mengi yakitoka India na Sri Lanka. Tofali la kawaida lina gramu 650. Ukilimwagia lita nne hivi za maji ya vuguvugu huvimba, hupasuka, na mwishowe hujaza ndoo ya lita nane au tisa. Mwanafunzi wa kazi hii hudhani amemaliza. Kwa fundi, hapo ndipo kazi inapoanza, na la kwanza kabisa ni chumvi. Mnazi ni mti wa ufukweni, na makumbi mengi hulowekwa katika maji yenye chumvi kabla ya kuchambuliwa. Kila mtoto anajua chumvi humfanya nini konokono: huvuta maji nje ya ngozi yake hadi afe. Chumvi kidogo iliyobaki ndani ya tofali haitamuua siku hiyo. Itamfanya asitulie, ale kidogo, ashinde ukutani, na mwenye kumfuga asijue kwa nini. Basi fundi hulitia vumbi ndani ya kitambaa, akalikamua, akamwaga maji ya rangi ya chai, akalowesha tena, akakamua tena, mpaka maji yatoke karibu meupe. Wengine wana kijichombo kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme, maana maji ya chumvi huupitisha zaidi. Wengine hutazama tu rangi. Nimeona njia zote mbili zikitoa tandiko zuri.

Mwanamke mmoja wa mjini Leicester, mwalimu mstaafu aliyeanza na konokono wa darasani kwake, alinikubalia niketi jikoni nimtazame akiandaa tandiko. Sikuwahi kuona mtu akishika udongo kwa utulivu ule. Alilimwaga vumbi lililokamuliwa juu ya karatasi pana, akalichambua kwa ncha za vidole, akatoa nyuzi ndefu moja moja, kwa hofu kwamba zingewatatiza wachanga. Akaongeza majani ya mwaloni yaliyooza nusu, aliyoyaokota msituni mbali na barabara na mbali na mashamba yanayopigwa dawa, kisha akayapasha joto katika jiko ili utitiri na mayai ya konokono wa mwituni yasiingie naye nyumbani. Akanyunyiza unga mweupe wa jiwe la chokaa, akachanganya kutoka chini kwenda juu. Halafu akachota gao moja, akafumba kiganja, akakamua kwa nguvu.

Kipimo hicho wafugaji wote wanacho. Ukikamua maji yakachuruzika, umezidisha. Ukifungua kiganja udongo ukamwagika, umepunja. Unaofaa hubaki bonge, ukionyesha alama za vidole, na ukilitekenya kwa kidole gumba linaachia. Maelezo hayo yanaandikika, lakini mkono wake ulijua zaidi ya hayo. Alikamua, akasita, akaongeza gao la vumbi kavu, akakamua upande wa pili wa karatasi, akaacha. Hakuutia udongo ndani ya tangi siku ile. Aliufunika usiku kucha, kwa sababu chembe za nje hunywa kabla ya zile za ndani, na kiganja cha jioni humdanganya mtu asiyengoja asubuhi. Kesho yake ulikuwa mkavu kidogo kuliko alivyotaka. Akapulizia maji, akachanganya, akasubiri tena.

Kuhusu ule unga mweupe, msomaji wa pwani anahitaji tahadhari maalumu, kwa kuwa sisi tuna chokaa yetu na tunaijua. Chokaa ya kujengea hupatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuu, kisha kuyazimua kwa maji. Moto huligeuza jiwe kuwa kitu kikali kinachochoma ngozi ya fundi mwashi, sembuse ngozi ya konokono. Kinachotakiwa ni jiwe lenyewe lisilopita motoni, likisagwa tu: kalisi kaboneti, kitu kile kile kilichomo katika gamba. Maganda ya chaza yaliyosagwa hufaa, na maganda ya mayai pia. Juu ya tandiko huwekwa mfupa mweupe wa dome, ule unaookotwa ufukweni baada ya bahari kuchafuka, na konokono huukwaruza mpaka ukabaki kipande chembamba.

Unga huo unafanya kazi mbili, na ya pili ndiyo inayosahaulika. Humlisha, ndiyo, lakini pia hutuliza uchachu. Vumbi la makumbi kwa kawaida lina pH kati ya 5.5 na 6.8, yaani lina uchachu kidogo, na gamba la kalisi halipatani na uchachu. Udongo mchachu hulila kutoka nje. Kwanza ngozi nyembamba inayolipa gamba rangi hubanduka, kwa kawaida pale kileleni, sehemu aliyoanguliwa nayo, iliyosuguana na ardhi muda mrefu kuliko nyingine. Halafu weupe hutokeza. Konokono anaweza kuziba kutoka ndani kwa kuongeza tabaka jipya, lakini ile ngozi ya nje iliyobanduka hairudi. Kwa hiyo gamba la konokono mzima ni kumbukumbu ya matandiko yote aliyopata kulalia, na mfugaji mzoefu akipewa konokono wa mtu mwingine hutazama kilele kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Kwa sababu hiyo naikataa mboji ya vinamasi, ile nyeusi inayochimbwa katika mabwawa ya kaskazini mwa Ulaya na kuuzwa kwa wakulima wa bustani. Huhifadhi unyevu vizuri sana, lakini pH yake huweza kuwa chini ya 4.5, na mabwawa yenyewe hujengeka polepole mno, milimita moja hivi kwa mwaka. Kuyabomoa kwa ajili ya tangi la sebuleni si haki. Udongo wa mifuko unaouzwa kwa ajili ya maua una punje za mbolea. Mchanga hukwaruza, na ukilowa hushikamana. Maranda ya msonobari, yanayowafaa kuku, yana utomvu wenye harufu kali, na hukausha tandiko zima. Udongo wa bustani ni mzuri ukiwa na uhakika kwamba miaka ya karibuni hakuna aliyemwaga dawa ya kuulia konokono hao hao.

Kina cha tandiko huamuliwa na ukubwa wa gamba. Konokono lazima aweze kuzama wote na abaki na nafasi chini yake, kwa hiyo kwa mkubwa sentimita 10 ni kidogo, na 15 ndizo zinazomtosha. Akitaga hushuka chini, akaacha mayai yenye upana wa milimita tano hivi, mara nyingi zaidi ya mia kwa mara moja, na kila konokono ni dume na jike kwa pamoja, hivyo hakuna asiyeweza kutaga. Konokono wa Afrika Magharibi, Archachatina marginata, hutaga machache na makubwa zaidi, naye pia anataka kina. Kina humkinga vilevile na maporomoko. Konokono hupenda kupanda hadi kwenye kifuniko na kujining'iniza, na akianguka juu ya jiwe au chungu, ukingo mpya wa gamba, ambao bado ni mwembamba, humeguka. Akianguka juu ya makumbi laini anaendelea na safari yake.

Jambo dogo linalonionyesha akili ya wafugaji hawa ni mahali wanapoweka joto. Nyumba za Uingereza wakati wa baridi hazifikii nyuzi 21 hadi 26 anazozipenda konokono huyu, kwa hiyo hutumika mkeka mdogo wa umeme. Anayeanza huuweka chini ya tangi, kwa kuwa joto hupanda. Lakini konokono akiona joto limezidi hufanya alivyofanya siku zote: huchimba kuelekea chini kutafuta ubaridi. Mkeka ukiwa huko, kila anavyozidi kukimbia ndivyo anavyozidi kuusogelea moto, na udongo wa chini hukauka huku wa juu ukionekana una unyevu. Mafundi huubandika ubavuni, juu ya usawa wa tandiko, ili chini pabaki na ubaridi na mnyama ajichagulie mwenyewe.

Akishachagua, humjibu mfugaji. Naipenda sehemu hii kuliko zote, maana ni mazungumzo na mnyama asiye na sauti wala uso. Akishinda ukutani na kwenye kifuniko siku baada ya siku, huenda tandiko limelowa mno au limeanza kuchachuka. Akijifukia na kuziba mlango kwa utando, ni ukavu au baridi. Akila udongo kwa pupa, pengine anatafuta kalisi. Akijivuta ndani ya gamba kupita kiasi, asitoke hata akinyunyiziwa maji, hali ni mbaya na tandiko lote libadilishwe mara moja. Ugumu ni kwamba majibu haya huja polepole. Ukiongeza maji leo, jibu utalipata kesho kutwa au wiki ijayo. Asiye na subira hubadilisha maji, joto na udongo kwa wakati mmoja, na hata konokono akipona hajui kilichomponya. Yule mwalimu wa Leicester ana daftari jikoni. Hubadilisha kitu kimoja, huandika, hungoja. Kurasa za daftari lile ni kavu kuzisoma, unyevu, uzito, mahali alipolala konokono, lakini ukizifuata miezi kadhaa unaona mtu akijifunza ardhi kwa kiasi cha gao moja kila mara.

Wafugaji hawakubaliani juu ya kila jambo. Wapo wanaobadilisha tandiko lote kila baada ya majuma machache, kila kitu kipya na safi. Wapo wanaolea udongo hai: huingiza kolembola, vidudu vyeupe vidogo mno vinavyokula ukungu na kinyesi, wakaongeza majani makavu kila yanapopungua, na tandiko likaishi miezi mingi likiondolewa tu mabaki ya chakula. Kwa darasa la watoto ningechagua njia ya kwanza, kwa kuwa ni rahisi kuikagua, na watoto wanawe mikono kila wanapomshika, maana konokono wa mwituni huweza kubeba vimelea vya minyoo ya mapafu ya panya. Kwa mtu mzima mwenye muda, udongo hai unanivutia zaidi. Harufu yake ikifunguliwa kifuniko ni ya msitu baada ya mvua, na ikigeuka kuwa ya uvundo, mfugaji ameshaonywa kabla konokono hajadhurika.

Tandiko lililochoka nalo lina adabu zake. Mwaka 1966 mtoto mmoja alirudi Miami kutoka Hawaii na konokono watatu, na nyanyake akawaachilia bustanini. Kufikia 1975, walipotangazwa kuwa wamekwisha, wakuu wa Florida walikuwa wameokota maelfu kwa maelfu na kutumia zaidi ya dola milioni moja. Mwaka 2011 walionekana tena huko huko, na safari hii ilichukua miaka kumi kuwamaliza. Marekani imepiga marufuku kuwafuga bila kibali. Uingereza inaruhusu kuwafuga, lakini sheria yake ya mwaka 1981 inakataza kumwachilia nje mnyama asiye wa nchi hiyo. Ndani ya gao moja la udongo wa zamani mayai mia yanaweza kuwa yamelala bila kuonekana, kwa hiyo fundi halimwagi tandiko lake bustanini hivi hivi. Hulifunga mfukoni, akalitia ndani ya friza kwa siku mbili au zaidi hadi baridi ifike katikati ya bonge. Yule mwalimu huandika tarehe kwenye kila mfuko kwa kalamu ya wino mzito, na haufungui kabla tarehe hiyo haijapita. Kisha huuacha uyeyuke, akauchambua tena kwa ncha za vidole vile vile, na kuumwaga kwenye shina la mawaridi yake, ambako vumbi la makumbi huendelea kushika maji kwa muda mrefu.